Kwikwi Katika Picha ya Dada

Ulikuwa mwaka ule mvua zilipogoma kunyesha. Hapana, nimekosea, mwaka wa ukame ndio Mshono alioacha sigara. Huu ninaousema ni ule uliofuata, au ule baada yake, maana mitaro ilikuwa imefurika na viatu vya wafiwa viliachwa mlangoni vizito kwa tope. Basi tuuite mwaka wa tope, tuendelee.

Mwaka huo wa tope ndipo Mshono alipochefukwa na picha moja, akachefukwa kiasi kwamba hata sasa ukimtajia habari yake hukunja pua kama mtu aliyefunua sufuria ya mchuzi wa juzi.

Mshono si jina alilopewa na baba yake. Alianza maisha kwenye cherehani, katika kibaraza cha duka la vitambaa, akipunguza suruali za wanaume walionunua kubwa na kuachia sketi za wanawake waliokataa kukiri kwamba wamenenepa. Pindo lake halikuonekana. Ungeigeuza nguo ndani nje ukiutafuta uzi, ungetoka jasho bure. Baadaye nguo zilizoshonwa tayari zikafurika madukani, cherehani ikakosa kazi, naye akanunua kamera ya mitumba, ile ya kubebwa begani kama gunia, akaingia kwenye video za harusi na mahafali. Na huko nako akawa fundi wa yale yale: kukata na kuunga bila mtu kuona.

Enzi hizo kazi ilifanywa kwa deki mbili, moja inacheza, nyingine inarekodi, na kidole kinasubiri juu ya kitufe. Mshono alikuwa na mwendo wake. Ukitaka kukata, ngoja mtu anyanyue mkono, au ageuze shingo, au mlango ufunguke. Hapo jicho la mtazamaji linakimbilia kinachotembea, nawe unapitisha mkasi. Kama hakuna kinachotembea, funika: weka maua, weka watu wanapiga makofi, kisha rudi kwa msemaji.

"Hilo ndilo pindo," alikuwa akisema. "Nguo isiyo na pindo ni kitambaa kilichojisahau."

Aliyembebea taa na betri, zile nzito kama tofali, alikuwa kaka wa mkewe. Jina la Betri likamganda palepale, na limemganda mpaka uzeeni, ijapokuwa betri zenyewe siku hizi zinakaa kwenye kiganja. Wale wawili waliitana shemeji, wakataniana asubuhi mpaka jioni, na ugomvi wao ulikuwa mtamu kuusikiliza kuliko harusi waliyokwenda kuipiga picha.

Ilipokuja mitindo hii mipya, mtu anaongea amekaa hivi, mara kufumba na kufumbua kichwa kimeruka kule, neno limegandamana na neno, pumzi hakuna, Mshono aliona mara ya kwanza akadhani televisheni imeharibika. Aliinuka akaigonga ubavuni.

"Iache, si mbovu," mkewe akamwambia. "Ndivyo vijana wanavyokata siku hizi."

"Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi."

Mshono akarudi kukaa polepole, kama mtu aliyepewa habari za ugonjwa. Tangu siku hiyo mtindo ule akauita kwikwi. Na karaha yake haikuishia mdomoni. Tumbo lilimpanda kweli, mate yakamjaa, jasho likamtoka juu ya mdomo. Mkewe, mtu wa mzaha asiyechoka, akaanza kumsogezea beseni miguuni kila walipowasha televisheni.

"Haya baba watoto, huyo anaanza kuongea. Jiandae."

"Cheka tu," Mshono humjibu. "Mtu anaruka kwenye kiti chake kama chura kwenye sufuria, nyinyi mnasema staili. Fundi akikuletea shati mkono mmoja umeshikizwa kwa pini, utaiita staili?"

Kilichomuuma zaidi ni kwamba bingwa wa kwikwi mtaani kwao alikuwa damu yake mwenyewe, mpwa wake, mtoto wa dada yake. Kijana huyo alikuwa na studio juu ya duka la vipuri, kibao chake kimeandikwa Kasi kwa herufi zilizolala upande kama zinakimbia, na watu wakamwita hivyo hivyo, Kasi. Harusi ya mchana kutwa aliikata ikawa fupi kama tangazo. Wateja walijaa ngazini.

Dada yake Mshono, mama wa huyo Kasi, ndiye sasa nataka mumfahamu vizuri, maana hadithi yote imemsimamia yeye.

Alikuwa mkubwa wa Mshono kwa umri wa kutosha kumbeba mgongoni, na alimbeba. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza hospitalini, lakini hakuwahi kumgusa mgonjwa. Alikaa katika chumba kidogo chini ya ngazi, kisicho na dirisha, mbele ya ubao wenye matundu na waya za rangi, vipokea sauti masikioni. Anachomoa hapa, anachomeka pale. Daktari anamtafuta daktari, mume anaitafuta wodi ya wazazi, na kwa wote neno lake lilikuwa moja: "Usikate, nakuunganisha." Aliitwa Opereta na kila mtu, pamoja na waliomzaa. Hata mezani, ukimwomba chumvi, atakuambia, "Usikate, nakuunganisha," ndipo aisogeze.

Ndugu hawa walipendana, halafu wakagombana, na kilichowagombanisha ni video.

Ilikuwa harusi ya binti yake Opereta, yule wa kwanza, ambaye baadaye alikuja kuwa mwalimu. Mshono ndiye aliyepiga picha. Angepiga nani mwingine? Mama wa bibi harusi akasimama kutoa neno. Maskini, furaha ilimzidi. Akaanza, akasahau, akaanza upya. Akamwita bwana harusi kwa jina la mchumba wa zamani, yule aliyeachwa. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, yeye mwenyewe akacheka mpaka akashika meza, kisha kicheko kikageuka kilio, kisha akasimulia jinsi uchungu wa kumzaa binti huyo ulivyomkamata kwenye kile chumba chini ya ngazi, akawa anajikunja huku anamwambia daktari kwenye simu, "Usikate, nakuunganisha." Alisema mengi. Pua ilimtoka, akapangusa kwa mkono.

Mshono alipoketi na deki zake, aliona aibu kwa niaba yake. Akakata. Akaacha salamu, akaacha shukrani, akaacha dua kwa maharusi, akazishona kwa picha za maua na makofi. Opereta akatoka pale mtulivu, mfupi wa maneno, pua kavu. Kazi ilikuwa safi, hakuna aliyeweza kuona mkasi ulipita wapi.

Opereta aliitazama sebuleni kwake na majirani. Ilipofika hotuba yake akasogea mbele.

"Huyo nani?"

"Si wewe, Dada?"

"Huyo si mimi. Huyo ni mama wa kwenye tangazo la sabuni. Maneno yangu yako wapi?"

"Dada, nimekusitiri. Ulikuwa unalia, umemtaja yule..."

"Nani alikuomba sitara? Nirudishie maneno yangu."

Hayakuwepo. Ile kanda Mshono alikuwa ameshairekodia mahafali juu yake. Ndivyo walivyofanya wote, kanda zilikuwa adimu. Opereta akamtazama sana.

"Mimi nimeunganisha watu mpaka masikio yamenitoka sugu," akasema, "na ndugu yangu wa tumbo moja amenikata."

Tangu hapo wakawa wanasalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni. Salamu za kweli zilipitia kwa Betri. Mshono hakuomba radhi, kwa kuwa hakuona kosa. Fundi haombi radhi kwa pindo lililonyooka, ndivyo alivyojiambia, na akaendelea kujiambia hivyo mvi zikimwingia.

Nimeeleza hayo yote ili ukifika sebuleni ule mwaka wa tope usiwe mgeni.

Opereta aliugua, hakuugua sana, akafa. Mshono alikuwa anajiandaa kwenda kumwona, amevaa koti, anatafuta mwavuli, Betri alipoingia bila kubisha hodi akakaa kimya. Betri kukaa kimya ilikuwa taarifa ya kutosha. Mshono akalivua koti, akalivaa tena, akauliza mwavuli uko wapi.

Baada ya mazishi ikasikika kwamba marehemu ameacha neno. Siku chache kabla alimwita mwanawe Kasi akamwambia alete kamera, anataka kuwaaga watu wake mmoja mmoja. Mshono aliposikia "mmoja mmoja" alijua naye yumo. Hakumwambia mtu. Ila mkewe alimwona akinyoa ndevu kwa uangalifu wa bwana harusi, akaelewa, na siku hiyo hakufanya mzaha wowote wa beseni.

Jamaa wakakusanyika sebuleni kwa Opereta alasiri, viti vya plastiki ukuta hadi ukuta, televisheni juu ya kabati la vyombo. Mwalimu, yule binti, alikuwa anawapisha wazee mbele. Kasi akachomeka kifaa chake, akafuta vidole kwenye suruali, akasema, "Nimeitengeneza vizuri, ya kuvutia. Mama mwenyewe angependa."

Opereta akatokea. Ameketi kwenye kiti chake cha mikono, mtandio begani, na kwenye kigoda kando yake kikombe cha chai kimejaa, mvuke unapanda. Akafungua mdomo, na kabla salamu haijaisha akaruka. Kichwa kiliinama kulia, mara kikawa kushoto. "Wanangu", mara "nawashukuru", mara "nimeishi vizuri", kila neno limemkanyaga mwenzake kisigino. Mwanamke aliyeongea maisha yake yote kwa kuvuta pumzi ndefu, kwa "ehee" na "subiri kidogo", alikuwa anaropoka kama mnadi nguo.

Mate yakamjaa Mshono mdomoni. Akameza.

"Tulia, shemeji," Betri akamnong'oneza.

"Amemfanya mama yake kikaragosi."

"Meza, tulia."

Opereta akaendelea kuruka. Akamuaga binti. Akamuaga Kasi. Akamgeukia jirani aliyegombana naye muda mrefu juu ya mfereji wa maji machafu, na hapo, kwa bahati tu, Kasi hakutia mkasi: "Wewe nimekusamehe kabisa. Moyo wangu mweupe." Jirani, pale nyuma, akaangua kilio.

Kisha Opereta akanyoosha mtandio, akaitazama kamera kama anatazama mtu.

"Na wewe mdogo wangu. Mshono. Wewe usikate..."

Kwikwi.

Mtandio uko bega la pili. Mwanga wa dirisha umehama ukutani. Kikombe kitupu, kijiko kimelala ndani.

"...basi, mimi nimemaliza. Asanteni."

Watu wakajifuta machozi, wakaanza kupongezana. Mshono alikuwa amesimama.

"Rudisha."

"Mjomba, si tumalize kwanza, kuna picha za..."

"Rudisha, nimesema!"

Kasi akarudisha. "Na wewe mdogo wangu. Mshono. Wewe usikate..." Ruka. Kikombe kitupu.

"Kilichokuwa hapo kiko wapi?"

"Hapo hakuna kitu, mjomba. Ni staili. Siku hizi mtu akipumzika pumzika watazamaji wanakimbia."

"Watazamaji gani? Sisi ndio watazamaji! Nani hapa angekimbia? Huyu bibi mwenye magongo?"

Baadhi wakacheka, wakajizuia. Yule bibi mwenye magongo akasema, "Mimi niache nje."

"Alikohoa tu," Kasi akasema. "Nikaondoa kikohozi."

"Alikohoa chai nzima? Kikombe kilikuwa kimejaa, sasa kimekauka. Mtandio umehama. Jua limehama! Umekata kikohozi cha nusu alasiri?"

"Mjomba, kukata ni sanaa. Kila mtu na mkono wake. Wewe ulikuwa unaficha, sisi tunaonyesha. Tunaacha mkato uonekane, ndiyo kisasa."

"Huo ni uzembe uliovaa tai," Mshono akasema. "Ni uchafu. Unajua mtu akila akaacha mifupa mezani, akasema ameacha makusudi tuione? Ptu! Nipe picha yote, ile ambayo hujaikata. Hayo mengine ubaki nayo."

Kasi akatazama sakafu. Kadi ya kamera alikuwa ameifuta akaenda nayo kwenye harusi Jumamosi. Ndivyo wanavyofanya wote, akasema, kadi hazitoshi.

Aliyeongea ni Mwalimu, na hakupaza sauti.

"Mjomba, na maneno ya mama kwenye harusi yangu, yako wapi?"

Mshono akasema, "Yale yalikuwa na pindo," na hata yeye aliposikia alichosema, masikio yalimwaka. Akaomba viatu vyake.

Wiki nzima hakulala vizuri wala hakula vizuri. Mwishowe akamchukua Betri wakapanda ngazi za studio ya Kasi, asubuhi, kabla wateja hawajajaa.

Chumba kilikuwa kidogo, madirisha yamezibwa kwa godoro kuukuu kuzuia kelele za duka la vipuri, waya zimetapakaa sakafuni kama utumbo. Kasi alikuwa mbele ya kompyuta, pakiti ya viazi vya kukaanga imefunguka juu ya vitufe, vidole vinang'aa mafuta, na kwa vidole hivyo hivyo alikuwa anawakata watu. Bi harusi wa watu anaapa, Kasi anatafuna, anabonya, kiapo kimepungua. Hakungoja mkono unyanyuke wala shingo igeuke. Alikuwa anatazama mistari ya sauti tu, ile inayopanda na kushuka kama milima. Palipo bonde, anakata.

"Humtazami hata usoni," Mshono akasema.

"Sina haja, mjomba. Penye kimya hapana kitu. Hii mashine yenyewe inakuonyesha."

"Na mama yako ulimkata hivi? Na haya mafuta?"

Kasi akaacha kutafuna. Akasema kweli hakumbuki vizuri, kazi zilikuwa nyingi, na mama alikuwa anasinzia. "Nadhani alisinzia hapo, mjomba." Betri akamkumbusha kwamba sebuleni alisema alikohoa. Kasi akasema alikohoa, kisha akasinzia.

"Na chai aliinywa usingizini?" Betri akauliza.

"Mzee Betri, na wewe!" Kasi akajaribu kucheka. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, macho kwenye skrini, kwamba pengine betri ya kamera iliisha akabadilisha. Na kabla hawajamjibu akaongeza, "Kuna mambo mengine mtu anaongea akiwa mgonjwa, mjomba. Hayana maana."

"Mambo gani?"

Kasi akabonya kitufe. Bi harusi akaruka kwenye kiti chake.

"Mambo gani, Kasi?"

"Nimesema pengine. Sijui. Nina wateja, mjomba."

Wakashuka. Mshono alishikilia ukuta wa ngazi mpaka chini, akatema mate mtaroni mara nyingi, mpaka muuza vipuri akamuuliza kama anaumwa.

"Tumbo tu," Betri akamjibu. "Amekula staili."

Lakini nakala ya ile video Mshono alikuwa nayo, Mwalimu alimpa. Na nyumbani, chini ya kitambaa cha mezani, kulikuwa na kompyuta kuukuu aliyomalizia nayo kazi kabla hajastaafu. Mchana mmoja mkewe akiwa anaanika nguo uani, akaifunua.

"Unataka kufanya nini?" mkewe akauliza dirishani.

"Kumtoa kwikwi Dada yangu. Haendi ahera anaruka ruka vile."

Alifanya kazi kama zamani. Kutoka video hiyo hiyo alichukua picha ya pazia la sebuleni likipepea, na picha ya mikono ya Opereta mapajani. Aliziweka juu ya kila mruko, na mruko ukatoweka. Akarefusha pumzi kidogo hapa na pale. Dada yake akaanza kuongea kama binadamu. Vidole vya Mshono vikapata joto. Kuna furaha fulani fundi huipata kazini ambayo haina jina. Akafika penye kikombe.

"Na wewe mdogo wangu. Mshono. Wewe usikate..."

Aliirudisha sentensi hiyo mara kadhaa. Kisha, bila kujiambia anafanya nini, akarudi nyuma kwa jirani wa mfereji, akachukua maneno yake, akayaleta. Akang'oa "usikate". Akafunika maungio kwa pazia linalopepea, akangoja upepo ulivute, hapo hapo akapitisha mkasi. Akacheza.

"Na wewe mdogo wangu. Mshono. Wewe..." Pazia. "...nimekusamehe kabisa. Moyo wangu mweupe."

Hakukuwa na alama. Sauti ilikuwa ile ile, chumba kile kile, pumzi imekaa mahali pake. Hata yeye aliyeshona hakuweza kuuona uzi. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na ilimwambia hasa neno alilokuwa amelitamani tangu ile harusi.

Akacheza tena. Mara ya tatu alikuwa tayari ameanza kuamini, machozi yanamtoka, na ndipo tumbo lilipopanda.

Mkewe alisikia kishindo cha kiti, akaja mbio na vibanio vya nguo mkononi, akamkuta ameinama juu ya beseni, lile beseni la mzaha, anatapika kweli. Kwenye skrini hapakuwa na kwikwi yoyote. Opereta alikuwa ametulia, mpole, pua kavu.

"Nini tena? Mbona imekaa vizuri hivyo?" mkewe akasema. "Jamani, amekusamehe?"

"Huyo si yeye," Mshono akasema, akijifuta mdomo. "Huyo ni mama wa tangazo la sabuni."

Akaifuta yote. Si ile aliyoipata kwa Mwalimu. Hiyo aliiacha na kwikwi zake. Alifuta mapazia, mikono, pumzi za kukopa, kila kitu. Mkewe akamletea maji, akamshika bega, asijue amfariji kwa lipi.

Jioni Betri alipokuja, akasimuliwa. Akajikuna kidevu sana.

"Sasa nikuambie kitu, shemeji, usinipige. Yule mtoto ni mzembe, sikatai. Lakini shukuru alikata vibaya. Angekuwa na mkono kama wako, ungesikia 'Asanteni', ukaenda nyumbani, usijue kwamba palikuwa na neno lako."

"Kwa hiyo ni staili?" Mshono akamkaripia. "Na wewe umehamia huko?"

"Sijahamia popote. Nasema tu, tundu limeonekana."

Mshono hakukubali. Mpaka leo hakubali. Ukimuuliza atakuambia uzembe ni uzembe hata ukipigwa pasi, na kwikwi akiiona bado anakunja pua. Ila kazi zake za zamani, zile harusi zilizopangwa kabatini kwa mwaka, hajazitazama tena. Mkewe alitaka siku moja kuwaonyesha wajukuu harusi ya Mwalimu. Mshono akatoka nje, akasema kuna joto.

Na video ya Dada anayo. Huicheza, anavumilia miruko yote huku ameshika ukingo wa kiti, mpaka pale penye kikombe, anaisimamisha kabla haijaruka. Opereta anabaki pale mdomo wazi, mvuke umeganda juu ya chai.

Kasi naye siku hizi akimwona mjomba wake barabarani huvuka upande wa pili. Juzi hakuwahi kuvuka. Walikutana uso kwa uso kwenye mlango wa benki, watu wanapita, mlinzi anawaambia wasizibe njia. Mshono hakumgombeza. Alimshika mkono wa shati, pindo la mkono lilikuwa limefumuka, akaligusa gusa kwa kidole kama zamani kibarazani.

"Mpwa wangu," akamwambia, "sikuulizi kama ni staili au uzembe, hayo tumemaliza. Ile chai, tangu kikombe kimejaa mpaka kikaisha, mama yako alikuwa ananiambia nini?"